Kukiacha chakula ni nusu tu ya uchunguzi

Karatasi ilikuwa na safu tatu za rangi: kijani, njano na nyekundu. Dada yangu aliitandaza mezani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, akaniambia nisome upande wa nyekundu. Nikahesabu vyakula 23. Maziwa yamo, mayai yamo, ngano imo, karanga, nyanya, ndizi, kuku, hata mchele. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa ametolewa damu kwa sababu ya ukurutu uliomnyima usingizi, na maabara ilirudisha majibu hayo pamoja na sentensi moja chini ya ukurasa: epuka vyakula vyote vyenye alama nyekundu. Haikusema kwa muda gani. Haikusema nani atamfuatilia mtoto akishaviacha.

Aliviacha vyote siku hiyohiyo. Miezi minne baadaye ukurutu ulikuwa palepale, na mtoto amepungua hadi suruali zake zikawa zinafungwa kwa kamba. Nilimuuliza dada kama kuna chakula alichowahi kumwona mtoto akila na kudhurika papo hapo. Hakusita: yai. Akiwa na miezi kumi alionjeshwa yai la kukaanga, midomo ikavimba na vipele vikatoka shingoni kabla sahani haijaondolewa mezani. Hilo alilijua kabla ya maabara na kabla ya karatasi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Naandika kwa sababu ya swali hilo lililokosa mtu wa kuliuliza. Katika mambo ya mzio wa chakula tumekuwa wepesi mno wa kutaja mhalifu na wazito mno wa kuthibitisha. Mtu anaumwa tumbo, anapata vipele, anajihisi mchovu. Anapewa orodha, anaacha vyakula, na hapo uchunguzi unahesabiwa kuwa umekwisha. Kwangu mimi hapo ndipo umefika nusu. Nusu ya pili ni kukirudisha chakula kwa utaratibu, mahali panapofaa, ili ijulikane kama kweli ndicho. Wengi hawaifikii nusu hiyo kamwe, na madhara yake ni makubwa kuliko tunavyokiri.

Nianze na ile karatasi. Kipimo alichofanyiwa mpwa wangu hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo kinga ya mwili huzitumia kukitambua kitu fulani, za aina ya IgG. Mwili wenye afya hutengeneza kingamwili hizi dhidi ya vyakula unavyokutana navyo, kwa hiyo kuwepo kwake ni alama kwamba mtu amekila chakula hicho na mwili unakitambua. Ndiyo maana safu nyekundu hufanana mno na orodha ya vitu ambavyo mhusika hula kila siku. Jumuiya ya wataalamu wa mzio ya Ulaya ilitamka mwaka 2008 kwamba kipimo hiki kisitumike kutafuta mzio wala kutovumilia chakula. Ya Marekani ikafuata mwaka 2010, ya Kanada mwaka 2012. Miaka imepita na karatasi za rangi tatu bado zinauzwa, na wanaozinunua zaidi ni wazazi waliochoka kumwona mtoto akijikuna usiku kucha. Siwalaumu wazazi. Mtu aliyekosa usingizi kwa miezi atashika chochote anachoambiwa kinaokoa.

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na neno lenyewe. Tunasema "aleji" kwa kila kitu: mwenye aleji ya maziwa, mwenye aleji ya maharage, mwenye aleji ya vumbi, hata mwenye aleji ya kelele. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto mjini Vienna, akiwa na maana ya mwili uliobadilika namna unavyoitikia kitu baada ya kukutana nacho. Leo madaktari wanalitumia kwa maana finyu zaidi, na ni vizuri tukawafuata, kwa sababu tofauti kati ya mzio na kutovumilia chakula ni tofauti kati ya kinga ya mwili na mfumo wa kumeng'enya. Mzio ni kinga kukidhania chakula kuwa adui. Kutovumilia ni tumbo kushindwa kukivunja au kukifyonza chakula, au kemikali iliyomo ndani yake kuusumbua mwili bila kinga kuhusika. Mzio unaweza kuua kwa dakika chache. Kutovumilia kunatesa, kunaaibisha mtu mbele ya watu, lakini hakumfungi mtu koo.

Kisa kilichonifungua macho kuhusu mzio ni cha mwaka 1921. Madaktari wawili wa Kijerumani, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walikuwa wakisumbuliwa na swali la Küstner mwenyewe, ambaye kila alipokula samaki alivimba na kuwashwa. Prausnitz alichukua majimaji ya damu ya mwenzake, akajidunga kiasi kidogo kwenye ngozi yake mwenyewe, yeye ambaye samaki hakumdhuru hata kidogo. Kesho yake akadunga dondoo la samaki mahali palepale. Ngozi ikainuka, ikawa nyekundu, ikawasha. Sehemu nyingine za mwili wake hazikuitikia chochote. Kwa jaribio hilo moja ikajulikana kwamba mzio unabebwa na kitu kilichomo ndani ya damu, na kwamba kitu hicho kina shabaha: kinamjua samaki. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukipata. Wanandoa Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Sweden, walikifikia kwa njia tofauti, na mwaka 1968 kikapewa jina la IgE.

Ukiielewa IgE unaelewa ni maswali gani ya kumuuliza mgonjwa. Kingamwili hizi hukaa juu ya seli zilizotapakaa kwenye ngozi, pua, mapafu na utumbo, seli zilizojaa vifuko vya histamini na kemikali nyingine kali. Protini ya chakula ikifika na kuzishika kingamwili mbili au zaidi kwa pamoja, vifuko vinapasuka. Kwa sababu kila kitu kimeshapangwa tayari, mwitikio huja haraka: dakika chache, kwa kawaida si zaidi ya saa mbili. Kwa sababu kengele ni ileile, hata chembe inaweza kutosha. Na kwa sababu kingamwili hazisahau upesi, jambo hujirudia karibu kila mara chakula hicho kinapoliwa. Ndiyo sababu maswali ya daktari makini huwa matatu hayo: baada ya muda gani, kwa kiasi gani, na je, ilijirudia? Mama anayejibu "midomo ilivimba kabla sahani haijaondolewa" ameshatoa ushahidi mzito kuliko karatasi nzima ya maabara.

Kutovumilia hujibu maswali hayohayo kwa namna nyingine kabisa. Chukua maziwa. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha laktezi cha kuvunja sukari ya maziwa, iitwayo laktosi. Kwa takribani theluthi mbili ya watu wazima duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto, kama kinavyopungua kwa mamalia wengine wakiacha kunyonya. Wanaoendelea kuwa nacho ukubwani ndio waliobadilika: mabadiliko ya vinasaba yaliyotokea mara kadhaa, kila moja peke yake, katika jamii za wafugaji za Ulaya, Afrika na Uarabuni. Kwa asiyekuwa nacho, laktosi hufika utumbo mpana nzima, bakteria wanaila, gesi inajaa, tumbo linanguruma, kuhara kunafuata baada ya saa moja au kadhaa. Lakini hapa kiasi ndicho hoja. Wengi wao hunywa kikombe kimoja cha maziwa, chenye gramu 12 hivi za laktosi, bila shida kubwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Maziwa ya mgando na jibini ngumu huwapita bila kelele. Kumwambia mtu huyu asiguse maziwa maisha yake yote, kama unavyomwambia mwenye mzio, ni kumnyima chakula bila sababu. Na kumwambia mwenye mzio wa maziwa kwamba "kidogo hakidhuru" ni kumtia hatarini.

Kuna watakaosema: basi tupime IgE na tumalizane. Natamani ingekuwa hivyo. Nimekaa kando ya mtoto akifanyiwa kipimo cha ngozi, na nikieleze jinsi kilivyo. Muuguzi anachora mistari kwa kalamu upande wa ndani wa mkono, anaweka matone, moja kwa kila chakula, kisha anadunga kidogo kupitia kila tone kwa kisindano kifupi ambacho hakitoi damu. Tone moja ni maji ya chumvi, lisilotarajiwa kufanya kitu. Jingine ni histamini, la kuhakikisha ngozi inaitikia. Na ndiyo maana dawa za kuzuia mzio huachwa siku kadhaa kabla. Baada ya dakika 15 anachukua rula. Uvimbe unaozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi unaandikwa kuwa chanya.

Kipimo kikiwa hasi, kina maana kubwa: kwa zaidi ya asilimia 90 mzio wa aina hii haupo. Kikiwa chanya, kwa mtu ambaye historia yake haielekezi kokote, ni karibu kurusha shilingi. Takribani nusu ya wenye majibu chanya wakila chakula hicho hawapati chochote. Mwili wao umetengeneza kingamwili na bado unakivumilia chakula. Kipimo cha damu cha IgE kina udhaifu uleule. Kwa hiyo daktari hupima kile ambacho historia imekitaja, chakula kimoja au viwili. Anayepima vyakula 40 kwa mpigo "ili tuone" anajitengenezea mizio ya karatasi, na zaidi kwa watoto wenye ukurutu, ambao damu yao huwa na IgE nyingi kwa kila kitu.

Ukubwa wa pengo kati ya imani na hali halisi ulionekana katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliohusisha watu wazima zaidi ya 40,000. Asilimia 19 waliamini wana mzio wa chakula. Waliokuwa na dalili zinazofanana na mzio wa kweli walikuwa asilimia 10.8, nao hawakujaribiwa kwa kulishwa. Takwimu hizo zina upande mwingine ninaouheshimu: karibu nusu ya hao wenye mzio walipata angalau mzio mmoja wakiwa watu wazima. Kwa hiyo "nimekila tangu utotoni" si hoja ya kumpuuza mgonjwa.

Mara nyingine chakula kinasingiziwa na mhalifu yuko jirani. Watu wanne wanakula jodari mmoja. Ndani ya saa moja nyuso zao zinakuwa nyekundu, vichwa vinagonga, mioyo inaenda mbio, wanatoka vipele. Kila mmoja anaondoka akiamini ana mzio wa samaki. Ukweli ni kwamba samaki alikaa kwenye joto. Bakteria waligeuza kiungo kimoja cha protini yake kuwa histamini, kemikali ileile ambayo mzio huifungulia mwilini, na moto wa kupikia hauiharibu. Safari hii histamini ilitoka kwenye sahani. Ishara ni kwamba wamepata wote waliokula samaki yule, na wiki ijayo wakila jodari aliyehifadhiwa vizuri hawatapata kitu. Nani huwaambia hivyo? Wengi wanabaki na hofu ya samaki miaka mingi kwa kosa la barafu iliyokosekana.

Kisa kingine kinazidi hapo kwa ugumu. Mnamo miaka ya 2000 wagonjwa wa saratani katika majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani walikuwa wakipata mshtuko wa mzio wakipewa kwa mara ya kwanza dawa ya setuksimabu. Maeneo mengine dawa hiyohiyo haikuleta balaa kiasi hicho. Thomas Platts-Mills na wenzake wa Virginia walionyesha mwaka 2008 kwamba wagonjwa hao tayari walikuwa na IgE dhidi ya sukari iitwayo alfa-gali, iliyomo ndani ya dawa, na iliyomo pia katika nyama ya ng'ombe, nguruwe, mbuzi na kondoo. Waliipata wapi? Kwa kuumwa na kupe. Platts-Mills mwenyewe alipata mzio huo baada ya kupe wengi kumuuma akitembea porini. Mzio huu huvunja kanuni ya dakika chache: mtu anakula nyama jioni, anaamka usiku wa manane, saa tatu hadi sita baadaye, akiwa na vipele mwili mzima au anashindwa kupumua. Atalaumu shuka, sabuni, mdudu; nyama haimjii akilini, kwa kuwa imekuwa mezani kwake tangu utotoni. Miaka mingi wagonjwa hawa waliambiwa hakuna mzio wa namna hiyo. Kilichowasaidia hatimaye ni watafiti waliokubali kuwasikiliza na kupanga saa za matukio yao.

Wapo wengine wa kundi hilo, niwapitie haraka. Kuna anayekula ngano bila tatizo na anayekimbia bila tatizo, lakini akila ngano na kukimbia baada yake anazirai. Aspirini na pombe huweza kuchochea vivyo hivyo. Kuna anayewashwa mdomo akila tofaa bichi ilhali la kupikwa halimfanyi kitu, kwa sababu kinga yake inalifananisha na chavua ya mti wa betula. Kuna watoto wachanga wanaotapika mfululizo na kulegea kati ya saa moja na saa nne baada ya kula, na vipimo vya IgE havionyeshi lolote, kwa sababu mzio wao hautumii IgE.

Ngano nayo inahitaji maneno zaidi, maana ndiyo inayoachwa kiholela kuliko vyote. Ugonjwa wa seliaki, unaompata takribani mtu mmoja katika kila mia katika nchi nyingi zilizopimwa, si mzio wala kutovumilia. Gluteni, protini iliyomo ndani ya ngano, huichochea kinga hadi inashambulia utumbo mwembamba wenyewe. Daktari wa Kiholanzi Willem Dicke aliishuku ngano tangu miaka ya 1930, na njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ilimwongezea uhakika: watoto wake wagonjwa waliendelea vizuri mkate ulipoadimika na wakaumwa tena uliporudi. Angalia hapo: kilichokamilisha ushahidi ni kurudi kwa mkate. Kipimo cha damu cha seliaki hutafuta kingamwili ambazo hupungua gluteni ikiachwa. Anayeacha ngano kwanza na kwenda kupimwa baadaye anaweza kuambiwa ni mzima, na ugonjwa unaotaka uangalizi wa maisha yote ukapotea machoni pa daktari. Kupimwa kwanza, kuacha baadaye. Laiti kila anayeshauri watu kuacha mkate angeanza na sentensi hiyo.

Na wale wasio na seliaki lakini wanaapa kwamba ngano inawakataa? Watafiti wa Oslo walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 59 wa namna hiyo. Kila mmoja alikula kwa wiki moja vipande vya nafaka vyenye gluteni, wiki nyingine vyenye fruktani, wiki nyingine visivyo na kimojawapo, bila kujua anakula kipi. Fruktani ni sukari yenye mnyororo inayopatikana katika ngano, na pia katika vitunguu na vitunguu saumu. Ndiyo iliyowasumbua zaidi. Gluteni haikutofautiana na vile vipande vitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na walikuwa sahihi kuinyooshea kidole ngano. Walikosea kiungo cha ndani tu, na kosa hilo lina gharama, kwa kuwa anayekimbia gluteni huku akiendelea na vitunguu hatapona vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi: dhana kwamba kuacha chakula hakuna hasara. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe karanga hadi watimize miaka mitatu. Ushauri ulitolewa kwa nia njema na ukafuatwa. Mzio wa karanga haukupungua, na mwaka 2008 ushauri ukaondolewa kwa kukosa ushahidi. Mwaka huohuo timu ya Gideon Lack wa London ilichapisha ulinganisho wa watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli. Wa Israeli, ambao hula karanga kabla ya kutimiza mwaka, walikuwa na mzio wa karanga mara kumi pungufu. Timu hiyo ikachukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, ikawagawa kwa kura: hawa wale karanga kila wiki, hawa wasiguse hadi miaka mitano. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kati ya ambao kipimo cha ngozi kilikuwa hasi mwanzoni, asilimia 13.7 ya walioepushwa walikuwa na mzio wa karanga. Kwa waliolishwa, asilimia 1.9.

Maelezo ya Lack, ambayo ushahidi umezidi kuyaunga mkono, ni kwamba kinga hujifunza kwa njia mbili. Chakula kikiingia kwa mdomo mapema, utumbo hukipokea kama mgeni anayejulikana. Kikiingia kwanza kupitia ngozi iliyopasuka, kinga hukipokea kama mvamizi. Mwaka 2003 alikuwa ameonyesha uhusiano kati ya mafuta ya karanga yaliyopakwa kwenye ngozi yenye ukurutu na mzio wa karanga baadaye. Mwaka 2006 ikagunduliwa kwamba watoto wengi wenye ukurutu wana hitilafu katika kinasaba cha filagrini, protini inayoziba ngozi. Hivyo ukurutu mara nyingi ndio mlango, na chakula ndicho kinachopita. Sisi tumezoea kuuweka mpangilio kinyume: tunaona ukurutu, tunatafuta chakula kilichouleta, tunakiondoa, na ngozi tunaiacha bila dawa.

Baya zaidi ni kwamba mtoto mwenye ukurutu aliyekuwa anakula chakula fulani kila siku bila vurugu, akinyimwa kwa miezi, anaweza kuupoteza uvumilivu ule. Siku anaporudishiwa hapati tena mwasho mdogo. Anaweza kupata mshtuko wa mzio. Madaktari wamelishuhudia hilo. Kwa hiyo orodha yenye vyakula 23 vyekundu, mkononi mwa mama mwenye hofu na bila mtu wa kumfuatilia, ina uwezo wa kutengeneza ugonjwa ambao haukuwepo.

Utaratibu unaofaa hauna maajabu. Kwa dalili za tumbo zisizo za hatari, mtu huandika daftari kwa wiki mbili: alichokula, saa, dalili, saa ya dalili, dawa, mazoezi, usingizi, siku za hedhi. Kinachoonekana kujirudia kinaachwa peke yake, kimoja, wiki mbili hadi sita. Dalili zikibaki zilezile, chakula hicho hakina hatia na kinarudi mezani leoleo. Zikipungua, kinarudishwa kwa kiasi kidogo kinachoongezeka ndani ya siku chache, na daftari linaendelea. Dalili zikirudi nacho, zikaondoka nacho, zikarudi tena nacho, hapo kuna jibu. Kwa mtoto, au kwa anayefikiria kuacha zaidi ya chakula kimoja kikuu, mtaalamu wa lishe awepo tangu siku ya kwanza.

Aliyewahi kuvimba ulimi au koo, kukoroma kifua, kuzirai, au kutapika huku ametoka vipele, asijaribu lolote nyumbani. Huyo anahitaji daktari, anahitaji sindano ya adrenalini na kufundishwa kuichoma pajani bila kusubiri. Vidonge vya kuzuia mzio hupunguza mwasho. Havifungui njia ya hewa iliyoziba. Kwake nusu ya pili ya uchunguzi, daktari akiona inafaa, hufanyika hospitali, ambako chakula hutolewa kwa vipimo vinavyopanda huku muuguzi akiwa na dawa tayari mezani. Hicho ndicho kipimo ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho, hasa kikifanywa mgonjwa na daktari wote wasijue kipi ni chakula na kipi ni plasebo, yaani kitu kinachofanana nacho lakini hakina chakula hicho. Kinakula muda na kinahitaji watu, na nadhani ndiyo sababu karatasi ya rangi inauzika kuliko chenyewe.

Mpwa wangu alifika huko hatimaye. Daktari alianza kwa kuzungumza na dada yangu karibu saa nzima, akampa dawa ya ngozi na kumwonyesha namna ya kuipaka, akarudisha vyakula kimojakimoja, vile vyenye shaka vikitolewa palepale hospitali. Ukurutu ulitulia ndani ya wiki tatu. Safu nyekundu ikabaki na yai. Watoto wengi wenye mzio wa yai huvumilia lililookwa ndani ya keki, kwa kuwa joto la muda mrefu hubadilisha umbo la protini zake, kwa hiyo tukapangiwa siku ya kujaribu.

Alikaa kitandani na gari lake la plastiki. Daktari alikata keki kwa kisu kidogo: chembe, kisha kipande cha ukubwa wa njegere, kisha robo. Kila baada ya dakika 20 muuguzi aliinua fulana, akatazama kifua na mgongo, akasikiliza pumzi. Dada yangu alikuwa amekishika kidole gumba cha mguu wa mwanawe na hakukiachia. "Mama, pumua na wewe," daktari akamwambia. Mimi nilikuwa na daftari. Ukurasa wa siku ile ninao mpaka leo, mwandiko wangu umepinda: "Saa 4:10, chembe, hakuna kitu. Saa 4:30, njegere, amejikuna sikio mara moja, ameacha. Saa 4:50, robo, ngozi safi, pumzi safi. Anauliza, Mjomba, iliyobaki ni ya nani?"